Nani Akunje Kirago

Siku hizi timu ikitolewa kwenye mashindano, mtangazaji wa redio husema imefungishwa virago. Nikija Sumbawanga kuuza maharage hukaa karibu na dada mmoja wa Mbeya anayeuza dagaa wa Kipili, basi nikamuuliza virago ni nini. Akasema ni mabegi. Nikamwambia, dada, wewe umefika kidato cha nne, mimi niliishia la tatu, lakini kirago nimekilalia tangu nizaliwe.

Kirago ni mkeka wa matete, mgumu, wa kulalia. Msafiri wa zamani hakuwa na begi. Akiamka aliweka nguo yake na unga wake wa ulezi katikati ya mkeka, akauviringisha, akaufunga kamba, akautia begani, akaenda. Ndiyo maana kufunga virago ni kuondoka. Hivyo ndivyo alivyonieleza bibi yangu. Kama kuna mwalimu mwenye maelezo mengine ayalete, ila kwanza atuambie yeye alikuwa akilala juu ya nini.

Kukikunja nako ni kazi. Baridi ya mwezi wa saba huku juu hukausha matete yakawa kama vijiti vya kiberiti. Ukikunja kwa pupa yanakatika. Unanyunyiza maji kidogo, unaanzia upande wa miguu, unabana kwa goti. Na kwetu mgeni hakunji kirago alicholalia. Anakiacha palepale, mwenye nyumba anakuja kukikunja. Mgeni akijikunjia mwenyewe ametukana, ni kama amesema humu hamna mwenyewe. Hata mtoto ambaye bado anakojoa kitandani analijua hilo.

Sasa nawataja. Majina nayaacha, wenyewe watajijua: shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na wifi yangu, dada yao.

Gari la mahindi lilipinduka, mimi na mume wangu tukiwa juu ya magunia. Yeye alifia palepale. Mimi nilivunjika paja, nikapona, na kupona ndiko kulikokuwa kosa langu la kwanza kwa shemeji. Kosa la pili ni nyumba. Tulijifyatulia tofali wenyewe pale Mpui, mimi nikikanyaga udongo, mume wangu akishika kibao cha kufyatulia, na tukaipiga bati. Matanga yalingoja nitoke hospitali; yalipokwisha watu wote waliondoka, wao wawili wakabaki. Wiki tatu. Walikula vizuri, sisemi uongo; wifi alinenepa hadi gauni la msiba likambana.

Siku moja shemeji akaweka kikombe chini, akaniambia, "Shemeji, funga virago urudi kwenu. Kiwanja hiki ni cha baba yetu. Wewe hapa ulikuwa mgeni."

Miaka kumi na tisa ya ugeni. Nilimjibu kwamba sawa, nitaondoka, ila aniambie hayo mbele ya balozi. Balozi wetu wa nyumba kumi ni mzee asiyependa maneno mengi. Akasema atakuja kesho yake asubuhi.

Kwa wiki zote hizo ni mimi niliyeburuta mguu hadi sebuleni kila asubuhi kukunja virago vyao viwili. Wao hawakuvigusa hata siku moja. Si uvivu, ingawa wifi uvivu anao. Ni malezi, mama yao aliwalea vizuri, Mungu amrehemu. Asubuhi ile sikukunja. Mtu akisema nilifanya hila namwachia Mungu. Paja liliniuma kwa baridi, nikabaki jikoni nakoroga uji.

Balozi akafika, tukamwamkia, akabaki mlangoni kwa kuwa hakuwa na pa kukanyaga. Akauliza nani kalala pale. Shemeji akasema ni wao. Akauliza mbona jua limeshapanda na virago havijakunjwa.

Wifi ndiye aliyejibu, tena kwa upole, kama anayenitetea. "Tunamngojea mwenyewe, mzee. Mguu unamsumbua."

Shemeji alimtazama dada yake kama mtu anayeona ng'ombe wake akiingia shamba la jirani. Balozi akamgeukia.

"Na wewe ulikuwa unamngojea?"

Ilikuwa ainame tu, akunje, aseme hapa ni kwake. Nilimwona akikiangalia kirago. Mikono ilimkatalia.

"Nilikuwa namngojea," akasema.

"Basi tumsikilize mwenye nyumba," balozi akasema, akaniita kutoka jikoni.

Halikuishia pale. Tulifika hadi baraza la kata, na shemeji akarudia habari za kiwanja na za baba yake. Lakini balozi alieleza alichokiona na alichokisikia, na wale wazee wa baraza, ambao kila mmoja amewahi kulala ugenini, wakaanza kucheka kabla hajamaliza. Nyumba nikaachiwa.

Wifi huja wakati wa mavuno, analala, asubuhi anakaa kando akingoja nikunje, na mimi nakunja huku nikimuuliza kama gauni bado linambana. Shemeji tukikutana mjini ananisalimia akitazama viatu vyangu. Kila mara namuuliza atakuja lini kulala kwangu. Anasema kazi zimembana, shemeji, kazi nyingi mno.