Shoo Kali ya Sirisia

Wasee, juzi nilikuwa kwa intavyu Kitale, kazi ya msaidizi wa mambo ya utamaduni. Digrii yangu hawakuigusa. Mwenyekiti wa paneli, mzee wa tai nyekundu, aliegemea kiti akaniuliza, "Kijana, ni shoo gani laivu imewahi kukubamba kabisa?"

Nikasema ukweli: matanga fulani kwetu Bungoma, pale Sirisia. Jamaa alicharaza nyuzi za litungu mpaka wabeba jeneza wakaliweka chini wakacheza, umati ukipiga kelele, "Msizike bado!"

Mzee akavua miwani. "Huyo marehemu alikuwa baba yangu."

Nikajua kazi imeenda. "Pole sana, mzee..."

"Pole ya nini? Tulizika siku iliyofuata, hata mimi soli za viatu ziliisha kwa kucheza." Akainama mezani, macho yanang'aa. "Wimbo wa mwisho ulikuwa upi?"

"Sijui, mzee. Nilitoka mapema, kesho yake nilikuwa na mtihani wa mwisho chuoni."

Wanapaneli wenzake walinitazama kama mwizi wa kuku.

"Ati ulituacha tukicheza ukaenda kufanya mtihani?" mzee akafoka. "Bana, wewe hauko siriasi na utamaduni. Next!"

Miaka minne ya chuo, na kumbe kilichoninyima kazi ni kwamba nilimaliza.