Nilimpungia Baba Kitambaa Chekundu, Akadhani Namshangilia

Admin, nifiche jina tafadhali. Ndugu wa mume wangu wamejaa humu kwenye ukurasa wako na wanasoma mpaka komenti.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Nyasubi hapa Kahama na mume na watoto wawili. Kazi yangu ni kupamba kumbi na kusimamia sherehe. Mwaka juzi nilijitosa kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa matukio ya utamaduni, kwa masafa, maana chuo kiko mbali na kumbi za maharusi hazijipambi zenyewe. Nasoma kwenye simu, natuma kazi kwa simu, wahadhiri nimewaona kwenye kioo tu. Watu walinicheka, eti kuna mtu mzima anasomea ngoma! Aliyenitetea ni baba. Hajui kusoma, ila ni manju wa Wagalu, kiongozi wa ngoma anayejulikana. Aliniambia, "Ng'wanone, mwanangu, kasome. Halafu uje utuambie wasomi wamegundua nini kwenye ngoma zetu."

Shida ni kwamba baba mkwe wangu naye ni manju, tena wa Wagika. Kwa msiojua, huku Usukumani hivyo ni vyama viwili vya ngoma, na ni wapinzani tangu enzi za mababu. Baada ya mavuno wanashindana. Wanacheza wakati mmoja, hawa huku na wale kule, na watazamaji wanakimbilia kwa anayewapendeza. Mwenye watu wengi ndiye kashinda. Hakuna jaji wala karatasi.

Mradi wangu wa mwisho ulitaka niandae tukio, nilisimamie na kuliandikia ripoti. Nikachagua mashindano hayo, uwanjani Segese. Msimamizi wangu wa chuo akasema mambo ya kukimbiliwa na watu hayapimiki, niweke majaji, alama na muda. Nikatii. Kila kikundi dakika ishirini, kimoja baada ya kingine, na ukizidisha unakatwa alama. Nikaziandika kanuni nikazituma WhatsApp. Mume wangu akamsomea baba yake neno kwa neno. Kwa upande wa baba zilifika kwenye simu ya katibu wake, ambaye wiki hiyo alikuwa machimboni na mtandao hana.

Hapa ndipo ninapoungama, maana hili sijamwambia mtu. Asubuhi ya tukio nilijua kabisa kwamba baba hajui. Nilimwamkia, "Shikamoo baba. Kanuni mmezisikia?" Akacheka, "Marahaba. Kanuni ya ngoma ni kucheza." Nilitakiwa nimkalishe palepale nimweleze. Lakini wakwe zangu walikuwa wananitazama, na maneno yalishaanza kwamba nitambeba baba yangu. Nikaogopa, nikanyamaza, nikaenda kuangalia maspika.

Baba mkwe alicheza dakika kumi na tisa akatoka. Akaingia baba, na uwanja ukachafuka. Wachimbaji, mama ntilie, hata watu waliokuja na Wagika wakasogea kwake. Dakika ishirini zilipotimia nikapunga kitambaa chekundu, ndiyo ilikuwa ishara ya kuacha. Jamani, kwetu mchezaji akikukuna unampungia kitambaa! Baba kumwona binti yake anapunga, akaongeza moto. Nikapunga kwa nguvu zaidi, naye akaja kupiga magoti mbele yangu, anatikisa mabega, anacheka huku machozi yanamtoka. Alizidisha dakika kumi na moja. Nilizihesabu mwenyewe na nikamkata alama mwenyewe. Wagika wakaondoka na dume la ng'ombe, zawadi ya mshindi.

Hii ni wiki ya sita. Wagalu wanasema nilivyoolewa nimehamisha na ngoma. Baba hakugomba hata kidogo. Alinitazama akasema, "Kumbe ulikuwa unanizuia," akakusanya vifaa vyake akaenda zake. Simu zangu hapokei. Nimelia mpaka nimechoka.

Sasa chuo kinataka kabla ya Ijumaa fomu ya kila manju, akithibitisha kuwa alielezwa kanuni kabla ya tukio. Bila hizo fomu mradi unafutwa, narudia mwaka. Nikamwambia mume wangu kwamba nataka kuandika ukweli kwenye ripoti, halafu niende Segese niuseme mbele za watu. Akawaka. "Mama Kulwa, unataka baba yangu aonekane akiswaga dume analirudisha? Ukithubutu, ujue umechagua kwenu."

Nikaogopa tena. Fomu ya baba nikampa mtu anayekwenda kijijini ampelekee. Na moyoni, sitawaficha, nilikuwa naomba baba akatae, ili huu uamuzi usiwe wangu.

Jana mama aliileta mwenyewe mpaka kwangu. Nikamuuliza, "Alisomewa?"

Mama akasema, "Nilitaka kumwita katibu aje amsomee. Akanikataza. Kasema kama ni ya shule ya mtoto, leteni wino."

Dole gumba lake lipo hapo chini ya maneno "nilielezwa kanuni zote nikazielewa." Mtu hataki hata kuisikia sauti yangu, lakini karatasi yangu ameitia dole bila kuuliza imeandikwa nini.

Ijumaa ni keshokutwa. Nikiituma nahitimu, na baba atakuwa amesema uongo asioujua. Nikisema ukweli, shule aliyonitetea imekwenda, na ndoa huenda ikaifuata. Ndugu zangu, matusi nastahili, yaandikeni. Ila mkimaliza kunitukana mniambie: hii fomu niitume, au niichane?