Safari ya Kumtafuta Mwanamke Mwenye Spana

Niliondoka kwa sababu ya ubishi wa mzee mmoja. Wakati huo nilikuwa nafundisha fizikia wilayani Mbulu, na mwanafunzi wangu bora, Theresia, alikuwa amechaguliwa kwenda shule ya ufundi. Ilibaki fomu ya ridhaa ya mzazi tu, na ilitakiwa irudi Ijumaa. Baba yake, Mzee Tarmo wa Tumati, aliikunja akaiweka ndani ya kofia yake.

"Mwalimu, msichana akishika nyundo, heshima anaiweka wapi? Nionyeshe mwanamke mmoja wa kazi hiyo, nimwone kwa macho yangu. Hapo nitasaini."

Nilikuwa nimesikia kwamba kwenye mashamba ya ngano ya serikali, huko Hanang, kuna injinia mwanamke. Nikasema, haya Mzee, twende. Nilidhani nimemkomesha. Kumbe! Aliingia ndani, akatoka na fimbo na blanketi.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, tulipanda lori la mahindi. Sijawahi kusafiri na mtu mwenye maneno kama yule. Mwanamke hawezi kunyanyua gurudumu. Mwanamke atashika mafuta machafu ya mashine, halafu apike ugali? Mimi nilikaa juu ya gunia, nimekasirika, natazama vilima.

Baada ya Dongobesh lori likazama kwenye matope. Tukashuka, tukasukuma, viatu vyangu vya kwendea kanisani vikaharibika.

"Unaona?" Mzee Tarmo akasema. "Sasa dereva angekuwa mwanamke ingekuwaje?"

"Dereva ni mwanamume, Mzee, na tumekwama!"

Utingo akacheka. Mzee hakucheka.

Jioni tulifika uwandani. Ngano ilikuwa imekauka vizuri, imeenea mpaka macho yanachoka, na wafugaji walikuwa wakizunguka mbali na ng'ombe wao kwa sababu njia yao ya zamani ilikuwa imelimwa. Mzee Tarmo aliweka kiganja juu ya macho, akatazama mpaka mwisho. Kisha akauliza nani anapalilia yote haya.

Ofisini tulipokelewa na meneja, kijana mchangamfu, shati limepigwa pasi. Akamwita injinia. Aliingia mwanamke mwembamba mwenye ovaroli, akamwamkia Mzee, "Shikamoo, baba," akaketi. Jina lake Rehema, kwao Korogwe. Nikafungua daftari nikamuuliza kazi yake ni ipi hasa.

"Dada yetu huyu anatusaidia upande wa mashine," meneja akajibu.

Nikamuuliza Rehema ana mafundi wangapi. Meneja akajibu. Nikamuuliza Rehema alisomea wapi. Meneja akajibu tena, na akaongeza kwamba hajaolewa bado. Jamani!

"Bwana Meneja," nikasema, "naomba ajibu mwenyewe. Mdomo anao."

Akacheka kana kwamba nimemtania. Mzee Tarmo aliniinamia akaninong'oneza, "Injinia wako ni bubu?" Nilitamani kurudi Mbulu kwa miguu.

Jumatano asubuhi Rehema alitupeleka karakana. Mafundi wake walikuwa wanane, wengine rika la baba yake. Alipita kwa kila mzee, mmoja baada ya mwingine, akainama kidogo. "Shikamoo, mzee Yohana." "Marahaba, mwanangu." Alipomaliza mstari wote, akasimama wima na sauti ikabadilika.

"Mzee Yohana, fungua ubavu wa kushoto. Ninyi wawili, jeki. Mvua inakuja na kombaini moja imelala, leo hakuna kupiga soga."

Wakaenda mbio. Mzee Tarmo aliwatazama wale wazee wenzake wakitumwa, akavua kofia, akaivaa tena.

Kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia, ilikuwa ikilalamika kwa ndani. Rehema aliamuru iwashwe, akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye chuma na mpini sikioni. Akahama hatua moja, akasikiliza. Akahama tena.

"Hapa," akasema. "Beringi imekwisha."

"Anasikia nini?" Mzee akaniuliza.

"Muulize mwenyewe."

Akaenda kweli. Rehema alimpa bisibisi, akamwonyesha penye uzima, kisha penye ugonjwa. Mzee Tarmo alifumba macho.

"Ee! Panasaga meno," akasema. "Mimi ng'ombe akivimbiwa namsikiliza tumbo hivihivi."

"Basi tuna kazi moja, baba," Rehema akasema, na wote wawili wakacheka. Mimi nilibaki nimesimama na daftari langu. Safari nzima nimebishana bure!

Saa saba, Rehema akinawa mikono kwa dizeli, nilimuuliza jambo gani ni gumu zaidi. "Siyo mashine," akasema. "Mashine haijaniuliza nitaolewa lini."

Mzee Tarmo akauliza taratibu, "Baba yako alikuruhusu tu?"

"Alikataa miaka miwili. Nilikaa nyumbani nauza maandazi, wenzangu wakanitangulia. Alipokubali, walikuwa wameshafika mbali. Meneja uliyemwona jana, baba, darasani alikuwa ananakili hesabu zangu."

Mzee aliitoa fomu kofiani. Aliomba kalamu. Alisaini juu ya tairi la trekta, polepole, jina lake lote.

Alhamisi tulirudi kwa lori lilelile. Njia nzima hakubishana na mtu, na kwa kweli nilianza kuukosa ubishi wake.

Ijumaa saa mbili tulikuwa ofisini kwa mkuu wa shule. Alipokea fomu, akaiweka kwenye faili lililokuwa tupu. Mzee Tarmo akachungulia.

"Wamechaguliwa watoto wangapi?"

"Wanne, Mzee. Wavulana watatu na huyu wako."

"Fomu za wale watatu ziko wapi?"

"Aa, wavulana hawana fomu ya ridhaa. Majina yao yalishakwenda wiki iliyopita."

"Baba zao hawakuulizwa?"

"Waulizwe nini, Mzee?"

Mzee Tarmo alinyoosha mkono, akaitoa fomu kwenye faili. Siku nne, matope, lori, viatu! Akaichana mara mbili, akaviweka vipande mezani.

"Na mimi sijaulizwa," akasema. "Andika jina la mwanangu."

Mkuu wa shule alinitazama. Nikamsogezea kalamu.