Kabla Baba Hajatia Sahihi

Baba yangu alikuwa mtu wa kuhoji, si wa kuhojiwa. Alitumikia polisi mpaka akastaafu na usajini wake, na hata baada ya kuvua sare tukahamia mtaa wa Nateete, Kampala, tabia haikumtoka. Anakukalisha kwenye kiti cha plastiki, anakutazama, ananyamaza, na wewe mwenyewe unaanza kukiri mambo ambayo hata hujaulizwa. Nikiwa mtoto niliwahi kukiri kuvunja kikombe kilichovunjwa na paka. Sasa mtu kama huyo ndiye niliyemchagua kumfanyia mahojiano ya chuo. Wazimu gani ulinishika, sijui.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uandishi wa habari. Watu wanadhani kusomea uandishi wa habari ni kupakwa poda na kukaa mbele ya kamera. Wee! Mwaka wa kwanza wote tulikuwa tukitumwa soko la Nakasero na simu zetu, tukaulize watu maoni yao juu ya hili na lile. Muuza nyanya mmoja aliniambia, "Nyabo, bibie, nunua au nipishe, unanizibia wateja." Nikanunua. Nikarudi chuoni na kilo moja ya nyanya na sauti ya mtu mmoja tu, tena askari wa mlangoni ambaye hakuwa na pa kukimbilia. Kwa hasira zangu hizi nilizozaliwa nazo, nikamwambia mwalimu kwamba watu wa Kampala hawataki kuzungumza.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja aliyezunguka nchi nzima akitafuta habari mpaka magoti yakamgomea. Alinijibu bila kuinua kichwa, "Wanataka sana. Hawataki kuzungumza na mtu mwenye haraka." Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Muhula ule akatupa kazi kubwa. Kila mmoja aandike kurasa tatu juu ya mtu mmoja aliyeifanya kazi yake vizuri. Habari nzuri zingesomwa kwenye redio ya chuo Jumamosi asubuhi, na mwandishi wa habari bora kuliko zote angepelekwa kufanya mafunzo kwenye kituo kikubwa cha redio mjini. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa naiota. Akatupa na sheria mbili. Ya kwanza, mtu akikuambia jambo na akataka lisiandikwe, haliandikwi. Ya pili, usimsomee mtu habari yake kabla haijatoka, kwa sababu atakuambia futa hapa, ongeza pale, na mwisho utakuwa umegeuka karani wake.

Nilimchagua baba kwa sababu ya kalamu yake. Pale Nateete alijulikana kwa hiyo. Mwenye nyumba akimsumbua mpangaji, mzazi akitaka kumwandikia mkuu wa shule, watu wakigombania mpaka wa kiwanja, wote walikuja barazani kwetu: "Afande, tuandikie barua." Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia warudi kesho. Kesho barua ilikuwa tayari, kwa mwandiko wake mkubwa uliosimama wima, na Kiingereza kilichonyooka. Hata mwenyekiti wa mtaa alikuwa akiiogopa barua ya baba. Nikasema, habari ninayo nyumbani, ya nini kusumbuana na wauza nyanya.

Tulikaa Jumapili baada ya chakula. Mama alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Niliweka simu mezani ikirekodi. Baba akaitazama, akanitazama mimi, akauliza kama nina kitambulisho cha chuo.

"Baba, si unanijua?"

"Kujua ni kitu ingine. Toa kitambulisho."

Nikatoa. Akakisoma mbele na nyuma. Halafu akanipa utaratibu, kwa Kiswahili chake cha kambini, kile ambacho mtu wa pwani akikisikia anashika tumbo. "Andika kwanza tarehe na mahali. Ukimaliza, unanisomea yote, mimi natia sahihi kila ukurasa. Bila sahihi, hiyo karatasi haitoki kwa hii nyumba." Nikakumbuka sheria ya pili ya mwalimu. Nikajiambia nitajua mbele ya safari.

Alinisimulia alivyotoka kaskazini akiwa kijana hodari wa mbio, alivyochukuliwa polisi, alivyolinda daraja wiki nzima mvua ikimnyeshea. Alikuwa akisimulia vizuri, polepole, na mimi kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na haraka. Ndipo nikauliza swali ambalo nililiona rahisi kuliko yote.

"Na kuandika, baba? Ulijifunza wapi kuandika vizuri hivyo?"

Akanyamaza. Safari hii hakuwa ananisubiri nikiri. Alikuwa anaitazama meza.

"Zima hiyo simu," akasema.

Nikazima.

Akaniambia kwamba shule yake iliishia darasa la nne, vita vilipowatoa kijijini. Alipoingia kazini alijua kuandika jina lake, kusoma namba, na maneno machache ya barabarani. Kila jioni alikuwa akirudi kambini na mambo ya siku nzima kichwani, anamkuta mama. Mama alitoka kwenye ukoo wa Waislamu wenye maduka, watu ambao babu zao walikuja na biashara kutoka pwani, na alikuwa amefika sekondari kidato cha tatu kabla ya kuolewa na askari Mkatoliki na kuzinunisha familia mbili kwa mpigo. Baba alisema kwa Kiswahili, mama akaandika maelezo ya polisi kwa Kiingereza, na alfajiri baba akanakili kwa mkono wake mwenyewe, herufi baada ya herufi. Miaka yote. Mama ndiye aliyemfundisha kusoma pia, na mpaka leo baba anasoma gazeti kwa kufuata kidole. Zile barua za Nateete nazo? "Unafikiri kwa nini nasema warudi kesho?" akaniuliza.

Hakuwa analia, lakini aliivuta ile simu iliyozimwa akaigeuza kifudifudi, kana kwamba ilikuwa inamwona. Nilimpenda sana saa ile. Nilimwonea na huruma, na sikujua nifanye nini na huruma hiyo, kwa sababu baba yangu si mtu wa kuhurumiwa.

Wiki nzima niliandika habari ile kwenye kompyuta za chuo. Nilikuwa nikiiona Nateete yote ikicheka. Niliwaona wanaume wa barazani wakisema, kumbe Afande ni bure kabisa, kumbe ni mkewe. Mtu mzima angeipitisha wapi sura yake? Kwa hiyo niliyafuata maneno ya mwalimu: yaliyosemwa simu ikiwa imezimwa, sikuyaandika. Lakini nafasi niliyoiacha ilikuwa tupu mno, habari ilikuwa inapwaya hapo katikati, na mimi nikaijaza. Niliandika: "Kambi nzima ilijua kwamba hakuna aliyeandika maelezo kama yeye. Kalamu yake haikuteleza hata siku moja." Banange, nilijivunia sentensi hiyo! Niliisoma kwenye basi kimya kimya nikitabasamu.

Jumatano ya wiki iliyofuata, jioni, nilirudi nyumbani na kurasa tatu. Nilikuwa nimeamua kuivunja sheria ya pili. Mwalimu ni mwalimu, lakini hakuwa analala nyumba moja na yule sajini. Baba akavaa miwani, akakaa wima. Mama alikuwa mkekani anachambua mchele, sinia mapajani. Nikaanza kusoma. Mbio, daraja, mvua. Baba anatikisa kichwa kukubali, anatia sahihi ukurasa wa kwanza. Nikafika kwenye sentensi yangu, nikaisoma kwa sauti ya redio kabisa.

Baba akainua mkono. "Rudia."

Nikarudia.

"Tena."

Nikasoma tena, na sauti ya redio ilikuwa imenikimbia. Mkono wa mama ulikuwa umesimama juu ya mchele.

"Nani aliandika?" baba akauliza.

"Wewe, baba."

Akanitazama tu. Kile kimya chake. Nilivumilia labda kwa pumzi tano, nikaanza kukiri kama siku ya kikombe. "Baba, si uliniambia nizime simu? Mwalimu alisema mambo kama hayo hayaandikwi, na mimi nilitaka..."

"Nilisema zima simu. Nilisema sema uongo?"

"Hapana."

"Kunyamaza ni kitu moja. Uongo ni kitu ingine. Njia ya mwongo ni fupi, mtoto yangu."

"Nilitaka kukulinda!" Nilipaza sauti, hasira na aibu pamoja. "Watu watakucheka!"

"Haya. Mimi umenilinda." Akamwelekeza mama kwa kidevu. "Na huyu? Huyu umemweka wapi?"

Nikazitazama karatasi zangu. Katika kurasa tatu, mama yangu alikuwa mahali pamoja tu, ukurasa wa pili, mstari wa mwisho: "pamoja na mkewe na watoto watano." Mwanamke aliyeandika kila neno lililompandisha baba cheo, aliyeandika barua za mtaa mzima bila mtu kumwambia ahsante, na mimi bintiye, msomi, ninayejifunza kuandika habari za watu, nilimpa mahali sawa na idadi ya watoto. Nilijihisi mdogo, haki ya Mungu.

"Mimi sikuomba kuandikwa," mama akasema, macho kwenye sinia.

"Mimi ndio naomba," baba akajibu.

"Baba watoto, fikiri. Watakucheka kweli."

"Wacheke." Akanigeukia. "Washa simu."

Nikawasha. Akaanza kusema, neno moja moja, kama alivyokuwa akimsomea mama miaka ile. "Mimi nilikuwa najua jina langu tu. Mke wangu aliandika. Mimi nilikuwa nanakili. Hiyo heshima yote mulinipa, nusu ni..."

"Ebu ngoja!" Mama akaisukuma sinia pembeni. "Usimwandike kama mjinga. Huyu alikuwa anarudi na shauri zima kichwani. Nani alisimama wapi, nani alivaa nini, mlango ulifunguka upande gani. Hakusahau kitu. Mimi nilikuwa na kalamu tu. Andika, tuliandika."

"Sikusahau kitu," baba akakubali.

"Isipokuwa ile ya mbuzi."

"Ile ya mbuzi ulikosea wewe! Nilisema mbuzi watatu."

"Ulisema wawili na mtoto."

"Mtoto si mbuzi?"

Wakaendelea hivyo, wazee wangu wawili, wakigombania mbuzi walioibwa kabla mimi sijazaliwa, na mama anacheka huku anajifuta macho na pindo la mtandio. Mimi nilikuwa nimeinamia daftari, nalia waziwazi.

"Ripota analia?" baba akauliza.

"Ripota ana mafua," nikasema.

Niliandika upya usiku ule na kesho yake, baba akatia sahihi kila ukurasa, nami nikapeleka kazi. Mwalimu aliisoma mbele yangu. Alipomaliza akavua miwani. "Ulimsomea?" Ningeweza kukataa, lakini nilikuwa nimechoka na uongo. Nikamwambia nilimsomea. Akanikata alama palepale, kwa kalamu nyekundu, na nafasi ya redio ya mjini akapewa mwenzangu aliyeandika juu ya mpagazi wa soko la Kikuubo. Aliandika vizuri, mshenzi yule, na nilinuna siku mbili. Lakini mwalimu aliniambia, "Hii itasomwa. Peleka salamu zangu kwa huyo mama."

Jumamosi baba mwenyewe aliiweka redio dirishani, akaongeza sauti mpaka mwisho, na barazani walikuwa wamejaa majirani. Mama alikataa kutoka. Alisema ana kazi ndani. Habari ilipofika pale pa mama kuandika, watu wakawa wanatazama viatu vyao. Mwishowe fundi viatu wa jirani akashindwa kujizuia, akapasua kicheko.

"Kumbe Afande! Miaka yote hii!"

"Cheka," baba akamwambia, kwa utulivu kabisa. "Cheka ushibe. Lakini barua yako ya kesho, mpelekee yeye."

Kutoka ndani tukasikia sauti ya mama: "Kesho sina nafasi!"

Baraza zima likaangua kicheko, na baba alicheka kuliko wote. Nikainuka nikaingia ndani kumwita mama, nikidhani nitamkuta jikoni. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mlango ameurudisha, simu yake ameibana sikioni na redio ya chuo inasema humo taratibu. Alininyooshea kidole nisiseme neno. Alikuwa anataka kusikia mpaka mwisho.