Gome la Mjafari ni Mali ya Watson

Wengi waliorudi Ndalambo kutoka migodi ya shaba ya Rodezia walirudi na blanketi, baiskeli au ugonjwa wa kifua. Watson Simbeye alirudi na neno. Kule alianza kwa kuchimba mgodini, kisha akawa mfagizi wa duka la dawa la Mzungu, na humo, kati ya ufagio na chupa, alijifunza kwamba dawa inaweza kuwa na mwenyewe. Neno lenyewe lilikuwa patenti. Maana yake, kama alivyoieleza kila penye pombe, ni kwamba mtu mmoja akishaandikwa na serikali kuwa mwenye dawa, mwingine yeyote akiitengeneza anashtakiwa, hata kama mgonjwa amelala mlangoni pake anakata roho.

"Na huyo mwenye dawa ni mganga?" watu wakamuuliza.

"Hata kidogo. Ana kiwanda Ulaya. Huku kwetu hajawahi hata kukohoa."

Wakacheka. Watson hakucheka, maana alikwisha kuamua kuwa mtu wa namna hiyo.

Pale Ndalambo kifua kilitibiwa kwa gome la mjafari. Nani aliligundua, hakuna aliyejua wala aliyeuliza. Ukikohoa unabandua gome, unachemsha, unakunja uso na kunywa. Watson alichemsha vilevile, ila yeye akatia kwenye chupa, akaongeza sukari kidogo na kubandika karatasi yenye picha ya simba. Kisha akamwendea Jumbe Osea na zawadi ya koti zito la Kizungu. Jumbe alilivaa, likamkaa vizuri, naye akaona hoja ya Watson ina uzito. Ikatangazwa barazani: tangu leo gome la mjafari ni mali ya Watson. Hakuna wa kulibandua wala kulichemsha ila yeye, na mgonjwa ataipokea dawa mkononi mwa Watson tu. Atakayekaidi atatozwa mbuzi.

Ulikuwa upuuzi mtupu, lakini upuuzi wa baraza ni sheria. Wachache walioudhika walikwenda zahanati ya serikali. Mhudumu akawaambia vidonge vya kifua vinatengenezwa na kampuni moja tu ng'ambo, wengine wamekatazwa, na meli zimekwama kwa ajili ya vita vya Hitla. Wakarudi kwa Watson, kuku kwapani. Mimi sioni tofauti kubwa kati ya kampuni ile na Watson, isipokuwa kwamba kampuni haikuwa na mama mkwe.

Baridi ilipokaza, mama mkwe wake, Ketrina, alibanwa na kifua. Fides, mkewe Watson, alirudi kutoka kwa mama yake analia.

"Baba Amoni, mama hapumui vizuri. Sijui kama atapambazukiwa."

Watson akanyakua chupa, akatoka mbio hadi uani, akasimama ghafla. Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe, na dada na binamu wa mama mkwe nao ni mama wakwe. Wakikutana njiani mmoja wao huingia porini, na kitu hakitoki mkononi mwa huyu kikaingia mkononi mwa yule. Na dawa, kwa amri aliyoitaka mwenyewe, haikutolewa ila kwa mkono wake.

"Nipe nimpelekee mimi," Fides akasema.

"Ukipeleka wewe, kesho kila mtu atapeleka. Amri itakuwa imekufa."

"Basi mama yangu ndiye afe? Watson!" Tangu aolewe hakuwahi kumwita kwa jina tupu. "Akifa, kutoka makaburini sirudi tena hapa. Utabaki umeoa chupa zako."

Watson alikuwa mpumbavu, hakuwa katili, na alimpenda mkewe. Alikimbilia barazani kuomba amri ilegezwe. Watu walifurahi waziwazi, na siwalaumu. Mzee Enoka, aliyekwisha kutozwa mbuzi kwa kikohozi cha mjukuu wake, akataka gome lifunguliwe kwa wote. Watson aling'ang'ania mali yake hata hapo.

"Bwana Jumbe, mukwai, nakusihi, wafunguliwe mama wakwe zangu tu. Wao wachemshe wenyewe. Wengine waje kwangu kama kawaida."

"Imepita," akasema Jumbe.

Jioni ile dada yake Ketrina alimchemshia gome, na kabla mwezi haujaandama mgonjwa alikuwa shambani kwake akigombana na kunguru. Lakini amri mpya nayo ilikuwa imefika kwenye kila jiko. Kesho yake tu baada ya baraza Watson alikutana njiani na Marta, mke wa Enoka, aliyetaniana naye tangu utotoni. Marta akaruka kichakani na kujifunika uso.

"Mama, kulikoni?"

"Nyamaza! Mkwe hasemi nami. Bibi yangu na bibi yake Ketrina walinyonya ziwa moja."

Mbele kidogo wanawake wengine wakatumbukia porini, vikapu vyao vimejaa gome. Watson akakimbia kwa Jumbe kushtaki. Mke wa Jumbe alimwona kwa mbali, akainama na kuingia ndani amefunika uso.

"Nisamehe, mwanangu," Jumbe akasema, akijikunyata ndani ya koti. "Imekuja kujulikana kwamba na sisi umetuolea."

Ukoo wa Ketrina ukaendelea kukua hadi ukafika Msangano, mbali na kwetu. Watson hakuuza tena hata chupa moja, wala hakuweza kupinga, kwa kuwa kumkana mama mkwe ni aibu kubwa kuliko kuiba. Mvua za kwanza ziliponyesha akaikumbuka kazi ya mkwe, kumlimia mama mkwe shamba lake. Asubuhi moja alikuta majembe yameegemezwa kwenye ukuta wa nyumba yake, safu nzima, na hakuna aliyeonekana akiyaleta. Kila jembe lilikuwa na shamba lake.

Alilima mwaka ule, akalima na miaka mingine mingi, mpaka nywele zikawa nyeupe. Vumbi la migodini nalo halikumsahau, akawa anakohoa huku analima. Akipumzika alikuta kibuyu cha gome la mjafari kimewekwa pembezoni mwa shamba, bado kina moto, na nyuma ya vichaka nguo ikipotea. Hakuna aliyemdai kitu. Aliona aibu, akakinywa chote.