Hodi kwa Watu wa Kilimani

Binti yangu amerudi kutoka matembezi ya shule kwenye vilima vya makaburi ya kale, viatu vimejaa mavi ya kondoo. Nimevisugua kwenye sinki, na harufu ile imenipeleka moja kwa moja nyuma ya Hjulsta, mtaa nilikokulia, kwenye vilima vidogo walikolishwa kondoo, ambavyo mwalimu wetu alisema ni makaburi ya watu wa kale.

Siku darasa letu lilipopelekwa huko, Mama alikuwa amekuja kusaidia kutuangalia. Wenzangu walipanda mbio, wakabingirika kwenye nyasi. Yeye alisimama chini, akakaza kitenge juu ya koti, akaita, "Hodi!" Akaita tena. Mara ya tatu alipaza sauti.

"Mama, wamekufa," nilimwambia kwa Kiswidi, nikiona haya.

"Najua. Lakini hapa ni kwao. Ukipiga hodi tatu usiitikiwe, unaondoka."

Akakizunguka kilima kwa mwendo wake wa kanisani. Mwalimu, aliyekuwa juu, aliniuliza mama amesema nini. Nilipomweleza, alishuka polepole, kisha akawaita wote washuke.

Nimefunga bomba.

"Kule kilimani," nimemuuliza binti yangu, "mlipiga hodi?"