Kuosha Mzizi wa Gego

Upande wa kushoto sina meno ya kutafunia. Yaling'olewa moja moja, kila mara kwa ahadi kwamba maumivu yataisha. Gego langu la mwisho la kulia lilipoanza kutoa usaha, nilikwenda kliniki hapa Nchelenge nikiwa tayari kugombana. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Using'oe, muganga," nilimwambia. "Tengeneza."

Alikubali upesi mno, nikazidi kumshuku. Alitoboa jino, akakwangua ndani ya mizizi, kisha akajaza bomba la sindano dawa yenye harufu ileile ya maji ya kung'arishia mashuka. Nilimkazia macho. Kinywa changu si beseni la dobi.

Tena aliibonyeza kidogokidogo, kama mtu mchoyo. Anashusha sindano, anapandisha, anafyonza, anaanza upya. Mimi nauza mawese ufukweni, na chupa yenye shingo nyembamba naijua. Tunatia mchanga na maji ya moto, tunatikisa kwa nguvu mpaka mafuta ya zamani yaachie. Huyu alikuwa akiubembeleza uchafu. Nikausukuma mkono wake kando.

"Sukuma na nguvu. Juu ya nini unaogopa?"

"Mama, nikisukuma na nguvu, dawa itatokea chini ya muzizi, itachoma nyama, uso itavimba. Na kule chini iko hewa, inakatalia dawa njia. Lazima niende polepole, nitikise kidogo, ifike kwenye vidudu viko."

Jibu zuri, lakini hata waongo wana majibu mazuri. Niliogopa kweli. Gego hilo likienda, nitakunywa uji hadi kaburini.

Siku ya kurudi, usaha ulikuwa umekauka. Aliosha tena, akakausha mizizi kwa vijiti vya karatasi, akanionyesha: vyote vyeupe, bila alama ya usaha. Sikuridhika. Nje foleni ilikuwa ndefu, na watu waliotoka Chienge alfajiri walikuwa wameanza kugonga mlango. Nikaona hapo ndipo pa kumtega.

"Nifunge jino sasa, mama?"

"Sukula tena," nilimwamuru aoshe mara nyingine.

Nilingoja akunje uso, au aape kwamba imetosha. Tapeli hapendi kurudia kazi, hasa mlango ukigongwa.

"Eya mukwai," aliitikia kwa Kibemba, kwa heshima. Akajaza sindano, akaanza upya polepole, mzizi mmoja baada ya mwingine. Hapo nikafumba macho.